Ufalme wa Pate: Jamii, Historia na Dini Nyuma ya Kisa cha Fumo Liyongo

Utangulizi

Ukisoma Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia, unakutana na Butangi, Mtemi Bokono na Mwelusi. Butangi huwezi kuipata kwenye ramani. Hata hivyo, kisa cha shujaa anayeogopwa na mtawala na kuuawa na mwanawe mwenyewe hakikubuniwa juzi. Ni kisa cha Fumo Liyongo, na mizizi yake iko pwani ya kaskazini mwa Kenya, katika visiwa vya Lamu na mlango wa Mto Tana. Mtawala anayetajwa sana katika kisa hicho ni Mfalme wa Pate.

Sura hii inakupa usuli wa ufalme huo. Utauhitaji kwa sababu tatu. Kwanza, katika Karatasi ya 3 unatahiniwa kuhusu tamthilia na fasihi simulizi pamoja. Liyongo yumo kote. Pili, swali la "jadili uongozi mbaya" hujibiwa vizuri na mtu anayejua uongozi wenyewe ulikuwaje. Tatu, Pate ilianguka kwa makosa yanayoeleweka. Mwanafunzi anayeelewa makosa hayo hatakariri maudhui ya usaliti, atayaeleza.

Mahali

Pate ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu. Ndani yake mna miji kadhaa: Pate yenyewe, Siyu, Faza na Kizingitini, pamoja na magofu ya Shanga. Msafiri anayetoka Kitengela hupitia Mombasa, Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha huvuka kwa mashua hadi Lamu, na kutoka hapo hupanda mashua nyingine. Safari hii ya mwisho hutegemea maji. Bahari ikitoka, mikondo miembamba katikati ya mikoko hukauka na chombo hukwama. Likumbuke jambo hili la maji kujaa na kutoka, kwa maana liliwahi kuamua vita.

Pate haikuwa ufalme mkubwa kama Buganda. Ilikuwa dola ya mji: mji mmoja wenye ukuta, mfalme, mahakimu, wafanyabiashara na majahazi, uliotawala miji mingine ya jirani kila ulipopata nguvu, na kuipoteza kila ulipodhoofika.

Jamii ya Pate

Jamii ya Pate iligawika kitabaka. Juu kabisa walikuwa mfalme na ukoo wake. Waliwafuata waungwana, yaani watu wa koo za zamani waliomiliki nyumba za mawe, mashamba na vyombo vya bahari. Masharifu, walioheshimiwa kama kizazi cha Mtume, walikuwa na nafasi yao ya pekee. Chini yao walikuwa mafundi, wavuvi na mabaharia. Chini kabisa walikuwa watumwa, waliolima mashamba ya bara na kufanya kazi za nyumbani. Katika kisa cha Liyongo, kijakazi Saada ndiye anayebeba mkate wenye tupa ndani hadi gerezani. Mwanafunzi makini atajiuliza: mbona anayemwokoa shujaa ni mtu wa tabaka la chini kabisa? Hapo una hoja.

Uchumi ulitegemea bahari na bara. Pate iliuza pembe za ndovu na boriti za mikoko, na kununua nguo, vyombo vya kauri na bidhaa nyingine kutoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na hata China. Wafumaji wa Pate walisifika kwa nguo zao za hariri. Siyu nao walijulikana kwa ufundi wa ngozi, samani, vyuma na kazi ya kunakili misahafu kwa mkono.

Nyumba za wakwasi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani kulikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa ajili ya kuwekea vyombo vya thamani. Nyumba ilikuwa ishara ya hadhi ya ukoo. Ndiyo sababu mshairi wa pwani akitaka kuonyesha ukoo umekwisha, hakuonyeshi makaburi tu. Anakuonyesha nyumba tupu.

Mamlaka ya mfalme yalikuwa na alama zake. Iliyo maarufu zaidi ni siwa, baragumu kubwa la pembe za ndovu lililopulizwa katika sherehe kuu kama vile kutawazwa, harusi na tohara. Siwa ya Pate ipo hadi leo na imehifadhiwa kama turathi ya taifa. Neno "Fumo" nalo ni aina ya mkuki, na lilitumiwa kama cheo cha mtawala. Kwa hiyo "Fumo Liyongo" si jina tupu. Anayeitwa hivyo anatambuliwa kuwa na haki ya kutawala, na hapo ndipo ugomvi wake na mfalme ulipoanzia.

Wanawake wa tabaka la juu hawakukosa sauti. Katika karne ya 18 Pate ilitawaliwa na malkia, Mwana Khadija. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate aliyeolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alitunga utendi wa kumwusia bintiye mnamo mwaka 1858.

Historia kwa ufupi

Watu waliishi kisiwani Pate zamani sana kabla ya majina ya wafalme tunayoyajua. Wanaakiolojia waliochimba Shanga katika miaka ya 1980 walipata mabaki ya makazi ya tangu karne ya 8, pamoja na misikiti midogo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: wa kwanza wa miti na udongo, wa baadaye wa mawe. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15.

Masimulizi ya Pate, yanayoitwa Habari za Pate, yanasema kwamba Wanabahani walifika kutoka Oman mwaka 600 wa Hijra, yaani karibu mwaka 1204, na kwamba Suleiman wa ukoo huo alimwoa binti wa mfalme wa Wabatawi waliokuwa wakitawala. Wanahistoria wengi wanaona mwaka huo umerudishwa nyuma mno na kwamba ukoo huo ulishika utawala baadaye sana. Kwa nini masimulizi yarudishe tarehe nyuma? Kwa sababu ukoo unaotawala hupenda kuonekana wa kale. Masimulizi ya wafalme ni ushahidi wa mambo yaliyotendeka, na pia ni ushahidi wa yale ambayo wafalme walitaka yaaminiwe.

Kuanzia karne ya 16 Wareno walitaka kuidhibiti biashara ya pwani yote. Pate iliwasumbua kwa maasi ya mara kwa mara. Mwaka 1678 Wareno waliivamia na kuwaua wafalme wa Pate na wa miji jirani kwa kuwakata vichwa. Watu wa pwani waliomba msaada Oman, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno waliondoka. Waomani hawakuondoka.

Karne ya 18 ilikuwa enzi ya fahari ya Pate na pia ya fitina zake. Mali ilikuwepo, washairi walikuwepo, lakini watu wa ukoo wa kifalme waligombania kiti bila kukoma. Bandari ya Pate nayo ilijaa tope kidogo kidogo, hata vyombo vikubwa vikashindwa kuingia maji yakiwa yametoka. Biashara ikahamia Lamu.

Mnamo mwaka 1812 Pate, ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa, ilikwenda kuitiisha Lamu. Majeshi yalikutana Shela. Watu wa Lamu waliwasukuma wavamizi hadi ufuoni, nao wakakuta maji yametoka na mashua zimekaa juu ya mchanga. Wengi waliuawa papo hapo. Pate haikupata tena nguvu zake. Lamu, kwa kuhofia kisasi, ilimwita Sayyid Said wa Oman ailinde. Alikubali, akaweka liwali wake, na Lamu ikawa chini ya Oman na baadaye Zanzibar.

Siyu ilikataa utawala huo. Mwaka 1845, chini ya Bwana Mataka, watu wake waliwashinda wanajeshi wa Sayyid Said. Hata hivyo, baada ya Bwana Mataka kufa mwaka 1856, kisiwa chote kilitiwa mkononi na Zanzibar. Mrithi wa Wanabahani, Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alikimbilia bara akaanzisha makao Witu. Ili kujikinga na Sultani wa Zanzibar, Witu ilikubali ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885. Mwaka 1890 Wajerumani waliwapa Waingereza eneo hilo katika mkataba uliotiwa sahihi Ulaya, bila Witu kuulizwa. Mwaka huohuo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, Waingereza waliuteketeza mji wa Witu. Huo ndio uliokuwa mwisho wa uhuru wa ufalme.

Tazama mfuatano huo tena. Pwani ilimwita Oman amfukuze Mreno. Lamu ilimwita Oman ailinde dhidi ya Pate. Witu ilimwita Mjerumani ailinde dhidi ya Zanzibar. Kila mara adui aliyekuwa karibu alionekana mbaya kuliko rafiki aliyekuwa mbali, na kila mara mlinzi alibaki kuwa bwana. Pate haikukosa ujasiri, elimu wala mali. Ilikosa njia ya kumaliza ugomvi wa ndani pasipo kumwita mtu wa nje.

Dini na imani

Dini ya Pate ilikuwa Uislamu wa madhehebu ya Sunni, mkondo wa Imamu Shafi. Misikiti ya Shanga inaonyesha kwamba dini hii haikuletwa na wafalme. Ilikuwepo visiwani karne nyingi kabla yao, katika jamii ndogo ya wakulima, wavuvi na wachuuzi. Baadaye masharifu na wanazuoni kutoka Hadhramaut walifika wakafundisha, wakaoa na kuwa wenyeji.

Dini iligusa mambo matatu makuu:

(a) Elimu. Watoto walianza chuoni kwa kusoma Kurani. Hapo walijifunza hati za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumiwa kuandika Kiswahili. Bila chuo, tendi za kale zisingetufikia.

(b) Sheria. Kadhi aliamua kesi za ndoa, talaka na urithi kwa sheria ya Kiislamu. Mfalme naye alitarajiwa kuwa mwadilifu mbele ya Mungu. Mtawala aliyevunja uadilifu aliweza kulaumiwa kwa lugha ya dini, jambo ambalo washairi walilitumia vizuri.

(c) Maisha ya kila siku. Funga, Idi, Maulidi, mazishi na harusi vilifuata kalenda na adabu ya dini.

Pamoja na hayo, imani za jadi hazikutoweka. Watu waliogopa majini na pepo, walivaa hirizi, na katika visiwa hivi ng'ombe alizungushwa mjini na kuchinjwa ili kuepusha balaa. Kwa mwenyeji mambo haya hayakupingana: aya zilisomwa huku ng'ombe akizungushwa. Ndiyo maana katika kisa cha Liyongo, Mwislamu mwenye nguvu zisizo za kawaida haonekani kuwa kioja. Mwili wake haupenyi silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni.

Fasihi ya Pate

Ufalme huu mdogo ulitoa fasihi kubwa. Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, uliandikwa mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani kwa ombi la mfalme wa Pate. Ni miongoni mwa miswada mikongwe zaidi ya Kiswahili iliyobaki. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inauonya moyo kwa kuutazamisha majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Utendi wa Mwana Kupona nao ni wosia wa mama kwa bintiye.

Zingatia lugha. Kazi hizi ziko katika lahaja za kaskazini, ambamo "macho" ni mato, "nchi" ni nti na "njia" ni ndia. Ukikutana na maneno haya katika ushairi, usiyaite makosa wala inkisari. Ni lahaja.

Liyongo: kisa na historia

Kwa mujibu wa masimulizi, Liyongo alikuwa mtu wa Ozi, karibu na mlango wa Mto Tana: shujaa, mpiga mishale hodari na mshairi. Mfalme wa Pate alimwogopa kwa kuwa aliweza kudai kiti. Alifungwa, akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akiwa amewashughulisha watu kwa ngoma na nyimbo. Wakajaribu kumwua akiwa juu ya mkoma. Akaangua matunda kwa mishale bila kupanda. Mwishowe mfalme alimhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mtoto akaichunguza siri ya babake, akamchoma kitovuni akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akaenda kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde. Watu walikosa maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Kaburi linalosemekana kuwa lake linaonyeshwa Kipini.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu karne aliyoishi. Utendi unaojulikana zaidi juu yake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, muda mrefu baada ya Pate kuanguka. Kwa hivyo kisa hiki ni mighani: kina kiini cha kihistoria kilichotiwa chumvi. Kilinganishe na Luanda Magere wa Waluo. Wote wawili wana nguvu za ajabu, wana udhaifu mmoja wa siri, na husalitiwa na mtu wa nyumbani. Mighani hufanya hivyo kwa kusudi. Inaifundisha jamii kwamba jasiri hashindwi na jeshi la nje kabla mlango haujafunguliwa kutoka ndani.

Na hapo kisa na historia vinakutana. Mfalme wa Pate alimwona shujaa wa nyumbani kuwa hatari kuliko adui wa baharini. Kisa kinatuambia alifaulu kumwua. Historia inatuambia kilichofuata kwa ufalme ulioishi kwa fitina.

Linganisha na Kajiado

Wanafunzi wengi wa huku kwetu huuliza: "Mwalimu, Wamaasai walikuwa na mfalme gani?" Hawakuwa naye. Uongozi uligawanywa kwa marika. Kila rika lilikuwa na msemaji wake, olaiguenani, na oloiboni alikuwa kiongozi wa mambo ya dini na ushauri, wala hakumiliki nchi. Waingereza walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi, wakamfanya Lenana kuwa mkuu wa Wamaasai wote. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa, na ule wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia. Witu waliweka sahihi wakiwa na mfalme. Wamaasai waliwekewa mkuu ili sahihi ipatikane. Mifumo ilikuwa tofauti, lakini karatasi ilichukua ardhi pande zote mbili. Mfano wa nyumbani kama huu utakusaidia kukumbuka, ila usiuandike mahali pa hoja kutoka kitabuni.

Dokezo za mtahini

1. Usichanganye majina. Butangi, Mtemi Bokono, Mwelusi na Gege ni wa tamthilia. Pate, Mfalme wa Pate na Liyongo ni wa mighani. Mtahiniwa anayeandika "Liyongo aliuawa na Gege" amejinyima alama.

2. Usuli hauchukui nafasi ya kitabu. Swali likisema "ukirejelea tamthilia", hoja zote zitoke kwenye tamthilia.

3. Taja, eleza, toa mfano. "Kuna usaliti" ni nusu ya hoja. Nani anamsaliti nani, kwa ahadi gani, na matokeo yake ni nini?

4. Usiseme mighani ni "uongo". Sema ni masimulizi yenye kiini cha kihistoria na chuku, kisha eleza chuku hiyo ina kazi gani.

Maswali ya marudio

1. Eleza matabaka manne ya jamii ya Pate. (alama 4)

2. "Mlinzi aliyeitwa alibaki kuwa bwana." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea historia ya Pate, Lamu na Witu. (alama 6)

3. Fafanua jinsi dini ilivyochangia kukua kwa fasihi andishi katika visiwa vya Lamu. (alama 4)

4. Linganisha Fumo Liyongo na shujaa mwingine yeyote wa mighani kutoka Afrika Mashariki. (alama 6)

5. Ukirejelea tamthilia ya Kifo Kisimani, jadili chanzo na matokeo ya mtawala kumwogopa raia wake. (alama 20)

Jibu swali la 2 kwanza, bila kutazama sura hii. Ukiweza kuupanga mfuatano wake kwa maneno yako mwenyewe, swali la 5 halitakushinda.